Mpira Mmoja wa Wakati wa Vita

Mabela, Maskati
14 Novemba 1996

Kwako Noel, fundi wa suruali zenye mguu mmoja mrefu,

Sisi wazima. Bi Kheiria anasema nikuulize kama umeshaoa. Nimemwambia mtu wa miaka sabini na tatu hatafuti mke, anatafuta miwani. Kasema niulize tu. Basi nimeuliza.

Barua zetu, yakhe, siku hizi ni kadi. Wewe unanipa Idi njema, mimi nakupa Krismasi njema, kila mmoja anasherehekea sikukuu ya mwenzake. Safari hii nna haja.

Mwanangu kajenga huku Mabela, katutia chumba cha uani chenye mashine ya baridi inayonguruma kama mtu mwenye pumu. Nyuma ya nyumba kuna uwanda wa changarawe, na kila Ijumaa asubuhi hujaa Wahindi na Wapakistani wanaocheza kriketi. Katikati wametandika jamvi, pembeni ni vumbi tupu. Mimi nakwenda na kiti changu. Wiki ya kwanza nilinyamaza, Mungu shahidi. Wiki ya pili nikamwambia mmoja wao kuwa anaushika mpira kama anaiba yai la kuku wa jirani. Wiki ya tatu wakaniuliza, "Wewe, baba, nani?"

Basi Noel, nikawaambia. Nikawaambia mimi ndiye Mahfoudh, mrushaji wa kulipwa wa klabu yetu Unguja wakati wa vita. Warushaji wote wa maana walipopelekwa Bama kupigana na Wajapani, klabu iliniokota mimi bandarini nikipakua magunia, kwa sababu karani wao aliniona nikimtupia kunguru jiwe na nikampata. Misimu mitatu, arubaini na tatu mpaka arubaini na tano. Nikawaambia ilikuja manuwari ya Waingereza na timu yao, nahodha wao mtu mkubwa kwao, na nikamtoa kwa mpira uliokwenda kulia, kisha pale hewani ukakumbuka kitu ulichokisahau kushoto.

Kuna Bwana Thani, msimamizi wa uwanja, Mwomani wa kwetu, mamake wa Pemba. Alinisikiliza mpaka chai yake ikaota utando. Wanajenga kibanda cha wachezaji, na ukutani utawekwa ubao wa majina. Langu anataka liwe juu kabisa. Lakini Thani mtu wa ofisi, anataka hati ya mtu aliyeona kwa macho yake. Na walioona, Noel, wamebaki wangapi? Wewe ulichutama nyuma ya vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, misimu yote mitatu. Kila mpira niliourusha, usipopigwa, uliishia mikononi mwako. Andika mistari mitatu tu: nilikuwepo, mpira wake uligeuka, na sahihi yako. Kupima kiuno changu kulikuchukua muda zaidi.

Nduguyo,
Mahfoudh


Shangani, Unguja
9 Desemba 1996

Mpendwa Sheikh Mahfoudh,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Namshukuru Mungu ni mzima, isipokuwa macho. Bado nashona, ila uzi siku hizi unaingia kwenye sindano pale unapotaka wenyewe. Mwambie Bi Kheiria sijaoa na namshukuru kwa kuniulizia.

Vuli ya mwaka huu imekuwa nyepesi. Paa la kanisa linatengenezwa, kwa hiyo tunasali huku mafundi wakigonga, na padri anapandisha sauti kama anauza samaki. Nimekuwa nikitengeneza majoho ya kwaya. Kazi ya marinda mengi, tena kitambaa cheupe, wala sioni vizuri mahali pa kupitisha mkasi.

Nimefurahi kusikia una kiwanja karibu na kiti cha kukalia. Ile hati nitaiandika. Kwa sasa sina karatasi nzuri. Tena ni mambo ya zamani sana, naogopa nisije nikakosea tarehe mkadhalilika. Je, hakuna mtu mwengine? Kulikuwa na yule karani.

Krismasi yangu na Ramadhani yako zimekaribiana mwaka huu. Kila la kheri kwenu.

Wako,
Noel


Mabela, Maskati
20 Januari 1997

Noel,

Karani alikufa mwaka wa sabini na moja. Nimemuuliza, hajibu.

Na karatasi huna! Barua yako ya kuniambia huna karatasi ina kurasa mbili. Umeniandikia majoho, umeniandikia paa la kanisa, hata padri ana mistari yake. Mistari mitatu yangu imekosa nafasi.

Nimefunga, kwa hiyo sitakutukana kama unavyostahiki. Nitakutukana Idi.

Hebu nikwambie jambo. Funga inaponibana, baada ya adhuhuri, huwa najilaza. Silali, naelea tu. Mashine ya baridi inanguruma, pazia linapumua, na kule kwenye uwanja wetu wa Mnazi Mmoja kunakuja kwenyewe. Kunakuja bila sauti. Nawaona watu wote wamevaa nyeupe, wamesimama mbalimbali kama nguo zilizoanikwa, na majani ni mabichi mpaka yanauma macho. Mpira unatoka mkononi mwangu na hauna haraka. Unakwenda, unazunguka polepole, nauona mshono wake kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Yule nahodha anasubiri. Wewe umechutama nyuma yake, viganja wazi kama unaomba dua, wewe usiyejua dua. Halafu mpira unageuka. Kila siku unageuka pale pale, Noel, na kila siku nastaajabu. Nikifumbua macho, Kheiria kanisimamia. "Mkono unauchezesha nini usingizini? Unafukuza nzi?"

Nataka mtu mwengine aseme aliuona. Ndio hivyo tu. Mkono huu ulikuwa na kitu misimu mitatu, halafu vita vikaisha, na mwaka arubaini na sita kile kitu kikaondoka, na mpaka leo sijui nilikosa nini. Nimekuwa mchukuzi, nimekuwa dereva, nimekuwa mlinzi wa ghala Matrah. Lakini misimu mitatu nilikuwa mimi. Nikifa kabla hujaandika, wajukuu watasema babu alikuwa mwongo mchangamfu. Mwongo sikatai. Ila si katika hili.

Na najua kwa nini huandiki. Mimi si mjinga kama nnavyovaa. Ile Januari ya mapinduzi, sitini na nne, nilipita mlangoni kwako, mimi na Kheiria na kifurushi kimoja. Nilisimama. Nikanyanyua mkono nigonge. Sikugonga. Nikajiambia, akifungua wataona yuko na mimi, watamdhuru. Nimewasimulia watu hivyo miaka thelathini na tatu. La kweli ni kwamba niliogopa usije ukakataa kufungua. Ndipo nikaenda zangu bila ya kwaheri, na tangu hapo nakupelekea kadi za Krismasi.

Basi nagonga sasa. Nisamehe, Mgoa wangu, na uandike. Siku ya kuufungua ubao ni Ijumaa, 14 Machi.

Mahfoudh


Shangani, Unguja
11 Februari 1997

Sheikh Mahfoudh,

Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikitambua kikohozi chako. Ulikohoa mara mbili, nami nikaweka mkono kwenye komeo na sikufungua. Kwa hiyo hilo tuliache, tuko sawa. Sababu yangu si hiyo.

Unakumbuka meli zilivyoacha kuleta vitu. Klabu ilibaki na mpira mmoja tu wa ngozi, wakanipa mimi niutunze, kwa kuwa nilikuwa fundi. Kila Jumatatu waliniletea ukiwa umefumuka, nami niliushona kwa sindano ya viatu na uzi wa nta. Hayo unayajua, kila mtu aliyajua.

Usilolijua ni hili. Safari moja, mwanzoni kabisa, nilivuta uzi kupita kiasi upande mmoja. Mshono ukavimba, ukasimama juu. Niliona, lakini ilikuwa Ijumaa jioni, nikaacha. Jumamosi ukarusha wewe, na mpira ukageuka hewani. Watu walisimama. Wewe mwenyewe ulikodoa macho kama uliyeona shetani. Jumatatu ulipokuja mkononi mwangu ningeweza kuusawazisha. Sikuusawazisha. Niliushona vile vile, kwa makusudi, na nikaendelea hivyo misimu mitatu. Nilipenda kukuona unakodoa macho.

Kisha vita vikaisha na sanduku la mipira mipya likaja kutoka Uingereza. Mishono imenyooka, mashine imeshona. Ukarusha, na mpira ukaenda sawa kama mtoto aliyetumwa dukani. Wakaipiga mipira yako mechi nne mfululizo. Warushaji wa zamani wakarudi kutoka vitani, na wewe wakakwambia ahsante.

Mama yako alidhani umefanyiwa kitu. Akakufukiza. Ukanyweshwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, siku saba, ukachanjwa begani. Nilikuja kukutazama, nikakaa pembeni ya kitanda, na wewe ulikuwa unaunyoosha ule mkono na kuutazama kama mtu anayemtazama mgonjwa wake. Nilijua haukuwa na ugonjwa wowote. Neno moja tu lingetosha. Lakini kukwambia mkono wako haukuugua ilikuwa ni sawa na kukwambia haukuwa na kitu tangu mwanzo. Nikanywa chai ya mama yako, nikaondoka.

Nimeungama kwa mapadri watatu. Hakuna hata mmoja aliyejua kriketi.

Sasa unataka sahihi yangu. Nikiandika kwamba mpira wako uligeuka na nikaishia hapo, ni uongo. Nikiandika yote, nakufuta kwenye ubao. Amua wewe.

Noel


Shangani, Unguja
3 Machi 1997

Sheikh,

Hujajibu. Nimekwenda posta mara nne, na yule msichana wa dirishani ameanza kunionea huruma. Kama umekasirika, niandikie matusi. Uliniahidi ya Idi.

Noel


Mabela, Maskati
18 Machi 1997

Noel, mwana wa sindano,

Bega langu! Nna chale tatu begani mpaka leo, mjukuu wangu mdogo aliniuliza kama ni za vitani. Na lile kombe, zafarani yake ilikuwa mbovu, niliendesha siku mbili nikidhani ndiyo uchawi unatoka! Na wewe umekaa pembeni ya kitanda unakunywa chai ya mamangu, tena na vitumbua, usijifanye umesahau vitumbua.

Haya, matusi ya Idi nimeshatoa. Mengine nimeyatoa kwa mdomo, Kheiria kayasikia, kasema nikatie udhu upya.

Barua yako nilipoisoma niliitia chini ya godoro nikailalia. Mchana nikijilaza, Mnazi Mmoja hakuji. Linakuja pazia tu, na nyuma ya pazia ukuta. Hicho ndicho kilichoniuma, wala si ubao. Umeniingia usingizini ukaninyang'anya.

Ijumaa ikafika. Nilisema siendi. Kheiria kanivalisha kanzu, kanifunga kilemba. "Utakwenda. Nimepiga pasi." Tukaenda kwa gari ya mwanangu, yeye akabaki ndani ya gari na dirisha wazi, kwa sababu kriketi kwa Kheiria ni watu wanaosubiri chai. Ubao uko ukutani, jina langu juu, rangi bado inanuka. Thani kasema, "Hati itafuata, sheikh wangu, mimi nakuamini." Hapo nikataka kuzama kwenye changarawe.

Wakanipa mpira mpya, mwekundu kama komamanga, nirushe wa kwanza. Nikaukamata. Mshono umelala chini, mashine imeshona. Akasimama nahodha wao, mtu wa tumbo na adabu. Nikarusha. Ulidunda mara tatu, Noel, kama mtu anayepanda ngazi kwa magoti, na yule bwana akanyanyua gongo lake juu akauacha upite ukagusa vijiti. Makofi! Thani kanikumbatia, kilemba kikaenda upande.

"Baba, umemtoa!"

"Sikumtoa. Kajitoa. Rudisheni vijiti."

"Lakini baba..."

"Heshima naipata nyumbani, wananikatia mpaka papai. Hapa nipigwe. Wewe bwana, piga, la sivyo nakaa katikati ya jamvi hili mpaka magharibi."

Nikarusha tena. Akapiga. Yakhe, ulikwenda! Ulipanda mpaka ukawa kidoa, ukaingia ndani ya jua, na watu wote wamenyanyua nyuso. Nikasikia raha ambayo sikuitegemea. Ulikuwa mpira wangu wa kweli wa kwanza tangu arubaini na sita, na ukapigwa kweli.

Basi nikawaambia yote. Sindano ya viatu, uzi wa nta, mshono uliovimba, wewe. Thani akashika ndevu.

"Kwa hiyo, sheikh wangu, tufute?"

"Futa."

Akaagiza brashi. Ndipo Kheiria akapiga honi. Mtu wa kuikimbia kriketi miaka hamsini, kapiga honi mpaka mbuzi wakakimbia.

"Mahfoudh! Njoo. Wakati huo wa vita, mpira ulikuwa mmoja?"

"Mmoja."

"Hao Wazungu wa manuwari walirusha upi?"

"Huo huo. Hakukuwa na mwengine."

"Na wenzio wa klabu?"

"Huo huo, Kheiria, nimeshakwambia."

"Basi nao uliwageukia?"

Sijui! Wallahi, Noel, sijui. Mimi nilipokuwa sirushi nilikaa mbali kule ukingoni, nimewapa mgongo, natafuna njugu na kuwatazama wasichana wanaopita. Mpira wa mtu mwengine sikuwahi kuutazama hata mara moja. Uliyeitazama yote ni wewe. Kila aliyerusha, hata wageni waliokuja bila mdakaji wakakuazima wewe, ulikuwa umechutama mbele yake.

Thani kaweka brashi chini, kasema atangoja barua yako. Usinionee huruma, huruma yako ilishanichanja begani. Kama uliwageukia wote, andika uliwageukia wote, nami nitakwenda na brashi mwenyewe. Lakini ujibu alilouliza Kheiria, usinijibu paa la kanisa.

Mahfoudh


Shangani, Unguja
7 Aprili 1997

Sheikh Mahfoudh,

Vitumbua nakumbuka. Vilikuwa vitano.

Nimekaa na swali la Bi Kheiria siku sita. Nimeweka kitambaa pembeni, nikakaa barazani macho nimeyafumba, kwani kwa mambo haya yanaona vizuri zaidi yakiwa yamefumbwa, na nimewaita mmoja mmoja. Alikuja Aflah, aliyekuwa akirusha baada ya mbio ndefu na kupiga kelele. Alikuja yule daktari Mhindi mwenye mkono mrefu. Alikuja sajini wa manuwari, na nyuma yake mabaharia wengine ambao majina yao sikuwahi kuyajua, ila mikono yao naijua. Wote walikuja kimya, wakarusha, nami nikadaka. Nimefanya hivyo kila siku mpaka kivuli kikifika mlangoni.

Kisha nikakaa na aibu nyengine, mpya. Miaka hamsini nimedhani ni mimi niliyekuwa nikiugeuza ule mpira. Nimeubeba kama dhambi, na kumbe hata mbele ya padri nilikuwa nikijisifu.

Hati yako iko hapa chini. Karatasi ni nzuri, nimeinunua leo.

"Kwa Bwana Thani, na kwa yeyote atakayesoma.

Mimi Noel, fundi cherehani wa Shangani, nilidaka nyuma ya vijiti Mnazi Mmoja wakati wa vita, misimu mitatu. Mpira ulikuwa mmoja. Niliushona mimi, na niliushona vibaya kwa makusudi. Ilipokuja mipira iliyoshonwa vizuri, Mahfoudh aliirusha na haikugeuka, na hili pia nathibitisha.

Ule mpira mmoja waliurusha watu kumi na tisa, wetu na wageni. Niliwadakia wote. Kwa watu kumi na wanane ulinijia moja kwa moja.

Noel"